Dakika Tano za Kogo

Kazi yangu siku ile ilikuwa kengele. Nikae mbele ya ukumbi, nitazame saa, na muda wa mzungumzaji ukiisha nigonge kengele ndogo ya mezani. Dakika ishirini za mtoa mada, kumi za maswali, na mwisho dakika tano za neno la shukrani kutoka kwa mgeni wa kijijini. Chuo sikitaji, maana kosa halikuwa la chuo. Lilikuwa langu.

Mada ilihusu Talai. Kwa msomaji asiyetoka huku Kericho na Bomet: Talai ni ukoo uliotoa orkoiik, viongozi wa kiroho ambao Wakipsigis na Wanandi waliwasikiliza kabla ya kufanya jambo lolote kubwa. Serikali ya kikoloni iliwaogopa. Mwaka 1905 Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, alipigwa risasi na afisa Mwingereza, Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa wa amani. Miaka ya 1920 kampuni za chai zikaingia Kericho. Mwaka 1934 ikatungwa sheria nzima kwa ajili ya ukoo huu mmoja, na takriban watu 700 wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, nchi ya mbung'o na malaria. Walikaa huko hadi mwaka 1962, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru.

Mtoa mada alikuwa ameifanya kazi yake. Alisoma majalada ya Nairobi, akasoma na ya Kew kule London. Alituonyesha picha za barua zilizopigwa taipu, saini za maafisa, na hesabu ya watu na ng'ombe. Maswali yalikuwa mazuri pia. Ukumbi mzima ulikuwa ukizungumza juu ya karatasi.

Kisha akasimama kogo. Ndivyo tunavyowaita nyanya zetu. Alisalimia, "Chamgei," tukamjibu. Alizungumza Kikipsigis akichanganya na Kiswahili, polepole, bila karatasi mkononi.

"Kijana wangu amesema vizuri," akaanza. "Lakini amesema tulihamishwa. Mtu anayehama anafunga mizigo. Mama yangu alitoka na sufuria moja na mimba yangu tumboni. Sasa hao watu 700, mimi nimo?"

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha heshima. Yeye hakucheka. Akasema walioandika hesabu waliwahesabu walioingia Gwassi, na yeye anataka kutaja waliobaki Gwassi, chini ya udongo. Akaanza kutaja majina. Alipofika jina la sita, dakika tano zikaisha, nami nikagonga kengele.

Aliitazama ile kengele, akanitazama mimi, akaketi. Makofi yakapigwa. Tukaenda kunywa chai.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: kwa nini mkono wangu haukusita? Nilikuwa najua Talai ni nani. Mimi mwenyewe ni mtoto wa huku, nimechuma majani chai likizo za shule. Nadhani jibu liko katika historia ya semina yenyewe.

Semina ya historia kama tunavyoijua ina asili yake Ujerumani. Mwanahistoria Leopold von Ranke aliwakusanya wanafunzi wachache huko Berlin, karne ya 19, akawafundisha kusoma hati za zamani kwa jicho kali: nani ameandika, lini, kwa faida ya nani. Lilikuwa jambo jema sana, na hata leo bila hilo tungekuwa tunaamini kila uvumi. Lakini ukumbi wa namna hiyo ulijengwa kwa ajili ya karatasi. Mtu anayekuja na kumbukumbu peke yake hana kiti. Atakaribishwa kufungua kwa maombi, au kufunga kwa shukrani.

Wanahistoria wetu waliliona hili mapema. Bethwell Ogot alipoandika historia ya Wajaluo wa kusini, iliyochapishwa mwaka 1967, alitegemea simulizi za wazee, wakati ambapo wasomi wengi wa Ulaya walikuwa bado wanasema Afrika bila maandishi haina historia. Jan Vansina alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1961 kwamba simulizi nazo huhojiwa, hulinganishwa na kupimwa, sawa na hati. Huko Nairobi, mikutano ya Chama cha Historia cha Kenya ikazaa mfululizo wa vitabu vya Hadith. Mwaka 1977 Henry Mwanzi akatoa historia yake ya Wakipsigis, na mwaka 1979 Taaita Toweett, mwana wa huku huku, akachapisha cha kwake kuhusu historia simulizi ya Wakipsigis. Kwa hiyo vita hivi vilishapiganwa, na upande wetu ulishinda. Halafu miaka mingi baadaye mimi nikashika kengele, nikamnyamazisha shahidi.

Na si kwamba huku hatukuwa na semina yetu. Kokwet ilikuwepo. Watu wa mtaa mmoja walikaa chini ya mti kuamua kesi za mipaka, mifugo na ndoa. Mzee wa kokwet ndiye aliyeongoza, lakini hakuwa na mamlaka ya kumkata mtu kauli. Shahidi alisema mpaka amalize, wengine wakamuuliza, jambo likazungushwa hadi watu wakubaliane. Sitaki kuipamba. Ilichosha, na kwa kawaida wanaume ndio waliotawala mazungumzo, kwa hiyo huenda kogo naye angepata taabu kusikika. Lakini kuna sheria moja pale ambayo Ranke mwenyewe angeikubali: usimpime shahidi kabla hujamsikia.

Maana karatasi nazo hukosea. Ile sheria ya mwaka 1934 iliwaita Talai "malaiboni". Hilo ni neno la Wamaasai. Wakipsigis husema orkoiyot. Serikali iling'oa ukoo mzima kutoka kwao ikitumia jina la kukopa kwa majirani, na jina hilo likaingia kwenye kila jalada, kisha kwenye mada, kisha vinywani mwetu pale ukumbini. Hakuna aliyelisahihisha. Neno "kuhamishwa" nalo limetoka humo humo, na aliyelikataa ni mtu mmoja tu, ambaye hakuwa hata na karatasi.

Haya si mambo ya wasomi peke yao. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Talai walitendewa dhuluma. Mwaka 2022 malalamiko yao dhidi ya Uingereza yakafikishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mbele ya mawakili, swali la watu wangapi walipelekwa na wangapi hawakurudi si swali la kufurahisha ukumbi. Na wanaoweza kulijibu kwa macho yao wanapungua kila mwaka.

Wiki tatu baadaye nilipanda bodaboda hadi kwake, nikiwa na simu ya kurekodia na kilo mbili za sukari. Nilimkuta anapepeta maharagwe. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, lakini akaniwahi.

"Umekuja na ile kengele?"

"Hapana, kogo. Nimeiacha."

Akacheka mpaka akafuta macho kwa leso. Akaniletea kigoda, akamtuma mjukuu achemshe chai, kisha akaketi. Nikamwuliza kama angependa kuanza mwanzo. Akasema hakuna haja, sita za kwanza nilishazisikia.

Akaanza na jina la saba. Tulimaliza jua likizama. Baadhi ya majina yalikuwa ya watoto ambao hawakuwahi kutembea. Nimeyaandika yote, pamoja na alichokumbuka juu ya kila mmoja, na nakala nimempelekea yule mtoa mada. Amenijibu kwamba anaiandika upya mada yake, na kwamba safari hii angependa kogo azungumze kwanza.

Sijaulizwa kama nitashika kengele tena.