Mamba wa Mto Grumeti

Kutoka Nassa, barabara ya Mwanza–Musoma inapita Lamadi hadi Lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951. Ndani yake unapita Mto Grumeti, unaomwaga maji yake Ziwa Viktoria, katika Ghuba ya Speke.

Mtazame mamba akiwa majini: macho, masikio na pua viko juu ya kichwa, basi huona, husikia na kupumua huku mwili wote umezama. Hata akifunga mdomo, meno yake huonekana. Aliyelala ukingoni kama gogo hajafa, anaota jua. Damu yake hupata joto kutoka nje. Kwa sababu hiyo hatumii nguvu nyingi, na anaweza kukaa miezi bila kula, akisubiri nyumbu wavuke mto, kwa kawaida kati ya Mei na Julai.

Ukali wake wote wanaujua. Malezi yake yanastahili sifa zaidi. Jike hufukia mayai mchangani, mara nyingi zaidi ya 40, na kuyalinda kwa takriban miezi mitatu. Joto la kiota ndilo huamua watakuwa madume au majike. Watoto wakilia ndani ya mayai, mama hufukua, kisha huwabeba kinywani, kwa meno yaleyale, hadi majini.

Mgeni, usisogelee ukingo wa maji, na usishuke garini pasipo ruhusa ya askari wa hifadhi.