Mpangaji Asiyelipa: Nyumba za Kigali Baada ya 1994

Baba yangu mdogo alinunua nyumba Nyamirambo mwaka 1998 kwa nia ya kuiuza tena. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu moja: ndani mlikuwa na familia isiyolipa kodi. Nyumbani kwetu kisa hicho husimuliwa kama hadithi ya mpangaji mkorofi. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba kilianza mbali zaidi.

Machafuko ya 1959 na miaka iliyofuata yaliwatawanya Watutsi wengi hadi Burundi, Uganda, Zaire na Tanzania. RPF-Inkotanyi ilipouteka mji wa Kigali tarehe 4 Julai 1994, wakimbizi hao wa zamani walianza kurudi kwa malaki. Walikuta nyumba tupu: baadhi ya wenyewe walikuwa wameuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wengine wamekimbilia Zaire. Wakaingia. Wangelala wapi? Kisha Novemba 1996 kambi za Kivu zikavunjika, watu zaidi ya laki 5 wakavuka mpaka kurudi. Wako waliobisha hodi kwenye milango yao wenyewe.

Itifaki ya Arusha kuhusu wakimbizi, ya Juni 1993, ilitambua katika kifungu cha 4 haki ya kila mkimbizi juu ya mali yake. Lakini kwa ajili ya maridhiano, waliotoka nchini zaidi ya miaka 10 nyuma walitakiwa wasidai mali iliyokwisha kukaliwa na wengine. Serikali ingewapa ardhi nyingine. Hapa husimama kila ninaposoma. Mtu wa 1959 aliambiwa asidai cha kwake, halafu akaambiwa atoke katika cha mwenzake. Aliyekimbia 1994 hakuguswa na sharti hilo, nyumba ni yake. Kwenye karatasi hakuna utata.

Aliyemwuzia baba mdogo alikuwa mmoja wa waliorudi 1996. Alichoka kubisha, akauza. Mkaaji alikuwa bibi aliyetoka Burundi, na wajukuu 4. Baba mdogo alikwenda kwa konseye wa sekta, akapewa haki, akaenda kumwonyesha bibi hati ya mauziano.

“Mwanangu,” bibi akamjibu, “kodi nimlipe nani? Nilipoingia hapakuwa na mtu wa kumlipa.”

Rafiki zake walimshauri ang'oe mabati. Hakufanya hivyo. Aliwalipia chumba Kimisagara kwa miezi 6, wakahama, na faida karibu yote ikaenda huko. Shangazi hajamsamehe hadi leo. Mimi naona hesabu yake ilikuwa sahihi: nani angenunua nyumba yenye watoto wanaolia barazani?

Sheria ya mali zilizoachwa ilitoka mwaka 2004, nyumba ikiwa imeshauzwa zamani. Karatasi ya makubaliano bado anayo. Imeandikwa kwa Kinyarwanda, na bibi ametia kidole gumba. Palipokuwa na neno la kodi pamekatwa kwa kalamu, juu yake pakaandikwa msaada wa kuhama.