Lile goli la mdogo wangu, na kanuni za mpira wa mikono

Najua nimekuwa kimya tangu mfungo, na Bi Mkubwa ameshanitumia ujumbe wa sauti kuuliza kama bado ni mzima. Ni mzima kabisa, Alhamdulillah. Kazi zimenibana tu, na joto la Jeddah nalo halimpi mtu hamu ya kukaa kuandika.

Leo nataka kuzungumzia jambo ambalo nusu ya ukoo wetu wameshalisikia kila Idi hadi wamechoka: lile goli la mwaka 1994. Kwa wageni wa kibaraza, kisa ni hiki. Mimi na mdogo wangu tulikuwa timu moja ya mpira wa mikono shuleni, mimi kipa, yeye mshambuliaji wa pembeni kushoto. Uwanja wetu ulikuwa wa udongo, magoli ya boriti, nyavu za wavuvi zilizochoka. Mistari tulichora kwa majivu. Mwalimu alikuwa akifunga kamba ya mita sita kwenye mlingoti wa goli, anazunguka nayo kama anayechora kwa bikari, halafu anahamia mlingoti wa pili. Tulihitaji sare tu tuingie hatua ya mbele, na tulikuwa nyuma kwa goli moja. Sekunde za mwisho mdogo wangu akaruka, jezi ikavutwa kwa nyuma, akatupa hivyo hivyo akiwa hewani amepinda. Mpira ukampita kipa. Lakini ulipokuwa bado njiani, mtunza muda alipuliza filimbi. Refa akakataa goli.

Mdogo wangu anasema mpaka leo: mpira ulishamtoka mkononi, kwa hiyo ni goli. Mimi nilisema siku ile ile kwamba refa yuko sahihi, na hakunisemesha likizo nzima. Kusema kweli nilikuwa upande wa pili wa uwanja, sikuona vizuri. Nilisema tu.

Sasa njooni huku Aziziya. Huu mtaa wetu uko katikati ya Jeddah, kati ya barabara ya Tahlia na ile ambayo wenyeji bado wanaiita Sitini, na ukitembea jioni utasikia Kiurdu kuliko Kiarabu. Binti yangu anasoma shule ya jumuiya hapa, na mwaka jana shule ikaanzisha timu ya wasichana ya mpira wa mikono. Alipojiunga hakuwekwa uwanjani, alikabidhiwa saa na filimbi awe mtunza muda. Akapewa na kijitabu cha kanuni akisome. Sisi akina baba haturuhusiwi kuingia shule ya wasichana wakati wa mechi, kwa hiyo siku za mashindano tunakaa ndani ya magari nje ya ukuta, tunasikia filimbi na makelele, tunakisia nani kafunga. Nimezoea.

Ijumaa moja tukiwa kwenye simu na mdogo wangu, akalianzisha tena la 1994. Binti akasogea akamwambia: "Shikamoo ba'mdogo. Lile halikuwa goli. Mpira lazima uvuke mstari wote kabla ya filimbi." Kimya. Halafu mdogo wangu akasema, hiyo itakuwa sheria ya huko kwa Waarabu.

Ndiyo nikaanza kusoma. Na mtoto yuko sahihi. Mdogo wangu anachanganya na mpira wa kikapu, ambako mpira ukishatoka mkononi kabla ya kengele unaruhusiwa kumalizia safari. Kwenye mpira wa mikono hapana. Ishara ya kumaliza ikilia na mpira haujavuka mstari mzima, hakuna goli.

Kuhusu Waarabu, ni mbali sana nao. Mchezo huu ni wa walimu wa shule, tena wa Ulaya ya kaskazini. Mwaka 1898 mwalimu wa Kidenmarki, Holger Nielsen, alikuwa akifundisha michezo kwenye shule ya Ordrup, karibu na Copenhagen. Inasimuliwa kwamba wanafunzi walikatazwa kucheza soka uani kwa sababu ya vioo vya madirisha, naye akatafuta mchezo wa mpira utakaotosha kwenye uwanja mdogo. Kanuni zake zilichapishwa mwaka 1906. Mnaona? Mchezo mzima umezaliwa kwa sababu ya vioo. Na sisi tulivyovunja vile vya ofisi ya mwalimu mkuu tulichapwa tu, hakuna aliyebuni mchezo.

Ujerumani nao walikuwa na wao. Tarehe 29 Oktoba 1917 mjini Berlin, Max Heiser alitoa kanuni za mchezo aliouita mpira wa mikono, na aliutunga kwa ajili ya wanawake, kwa hiyo wachezaji hawakuruhusiwa kukumbana miili. Miaka miwili baadaye, 1919, Carl Schelenz akazibadili ili wanaume nao wacheze: uwanja mkubwa, na kugombea mpira kwa nguvu. Wajerumani walicheza watu 11 kwa 11 nje kwenye majani, na hivyo ndivyo ulivyochezwa kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, Ujerumani ikaifunga Austria 10 kwa 6 kwenye fainali. Ule wa watu saba ndani ya ukumbi ndio ulioshinda baadaye. Shirikisho la kimataifa liliundwa Copenhagen mwaka 1946, na mchezo ukarudi Olimpiki mwaka 1972 mjini Munich, safari hii ukumbini, wanaume peke yao. Wanawake, ambao Heiser aliwatungia, walisubiri hadi Montreal mwaka 1976.

Hapo niliweka simu chini nikafikiri kidogo. Kwa sababu kusubiri huko nimekuona kwa macho yangu hapa. Wanaume wa Saudia wanaucheza mchezo huu vizuri, wameshafika Kombe la Dunia mara nyingi tangu 1997 kule Japani, na ngome yao ni miji midogo ya Qatif, pwani ya mashariki, yenye klabu kama Khaleej ya Saihat na Mudhar ya Qudaih. Lakini wasichana wa shule za serikali hawakuwa hata na kipindi cha michezo. Shule binafsi ziliruhusiwa mwaka 2013, za serikali zilitangaziwa Julai 2017. Na wanawake waliingia uwanjani kutazama soka Januari 2018, mechi ya kwanza ikiwa hapa hapa Jeddah. Shule za sisi wageni zilikuwa na mambo yake, lakini nazo ziliogopa ogopa. Dada yake mkubwa huyu binti alimaliza shule hapa bila kugusa mpira hata siku moja. Alipomwona mdogo wake amevaa jezi hakusema kitu, alimfunga tu kamba za viatu vizuri.

Oktoba 2021 mashindano ya klabu bingwa za dunia yalichezwa Jeddah, Magdeburg ya Ujerumani ikachukua kikombe mbele ya Barcelona. Niliwapeleka wote wawili siku moja. Tuliketi pamoja, baba na mabinti. Zamani ningewaacha nyumbani.

Haya, turudi kwenye kanuni, maana mwalimu wa mtoto ni mkali. Uwanja mita 40 kwa 20, goli mita 3 kwa 2. Hatua tatu na mpira, sekunde tatu kuushika. Ndani ya mstari wa mita sita ni nyumba ya kipa. Unaweza kuruka juu yake ukatupa kabla hujatua, ila usitue na mpira. Watoto wa miaka 12 hadi 16 wanacheza vipindi viwili vya dakika 25, wakubwa dakika 30. Mpira wa wasichana wa rika lake una mzunguko wa sentimita 54 hadi 56. Sisi tulikuwa tukitupa mpira wa netiboli, ndiyo maana bega langu la kulia linanisumbua wakati wa baridi. Kuna mengine mapya, kama tangu 2016 timu kumtoa kipa na kuingiza mchezaji wa saba wa ndani bila kumvalisha fulana ya kipa. Kwa mtu aliyekaa golini, huo ni wazimu.

Lakini kwenye kijitabu kile kile binti alinionyesha ukurasa mwingine. Mchezaji akiwa na nafasi wazi ya kufunga akivutwa, akanyimwa nafasi ile kwa faulo, hukumu ni mtupo wa mita saba. Na mtupo huo unapigwa hata kama muda umekwisha. Watu wote wanasimama, saa imelala, mtupaji na kipa peke yao. Refa anaweza kusema mdogo wangu alibaki ameumiliki mpira na mwili wake, kwa hiyo hakunyimwa kitu. Mimi najua alivyopinda. Jezi ile Bi Mkubwa aliishona kwapani jioni ile.

Kwa hiyo tumegombania goli miaka yote hii, kumbe alichodhulumiwa ni penalti.

Nilimpigia kumwambia. Alinyamaza muda mrefu kuliko siku ile ya binti, nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza kama nakuja likizo mwezi wa Desemba. Nikamwambia inshallah. Akasema uwanja upo, magoli sasa ni ya chuma, na kamba ya mita anayo. Anataka aupige mtupo wake, mimi nikae golini, na binti ashike filimbi.

Nimeanza kunyoosha mgongo asubuhi. Nisalimieni shangazi, mwambieni zile viberiti za udi ziko njiani.