Likarion Wainaina na Sinema ya Kibandani

Katika idara zetu riwaya, tamthilia na ushairi vina wasomi wake. Sinema hutajwa mwishoni mwa muhula, muda ukiruhusu. Makala haya yanamhusu msanii ambaye kazi yake inatulazimisha kuufikiri upya utaratibu huo.

Likarion Wainaina, mwelekezi wa filamu na mtunzi wa hadithi za sinema (wenzetu wa Tanzania husema mwongozaji, istilahi haijatulia), alizaliwa Moscow mwaka 1987, lakini sanaa yake imekitwa Kenya. Yumkini msomaji atataka kumtafutia athari ya Eisenstein. Sisi hatuioni. Asili ya sanaa hii iko karibu zaidi, na msanii mwenyewe ameitangaza kwa jina la kampuni yake: Kibanda Pictures.

Aliyekulia Kayole, kama mwandishi huyu, hahitaji kuelezwa kibanda cha video: mabati, mabenchi, pazia zito mlangoni, na sauti ya msimulizi ikimfanya mpiganaji wa Hong Kong azungumze Kiswahili cha mtaani. DJ Afro ndiye aliyevuma zaidi nchini Kenya. Tanzania ilikuwa na Lufufu, na Uganda ina wasimulizi wake wa Kiganda. Kumwita msimulizi huyo mfasiri ni kumpunja. Huwabatiza wahusika majina mapya, huwakejeli, huwaonya, na hadhira humjibu. Hizo ni sifa za fanani tunazozifundisha kila mwaka, ila tumezoea kuzitafuta kando ya moto wa kijijini tu.

Supa Modo (2018), filamu ya dakika 74, imejengwa juu ya msingi huo. Jo, msichana wa miaka tisa anayeugua ugonjwa usiopona, anarudishwa kijijini. Anapenda mno filamu za mashujaa. Dada yake Mwix anawashawishi wanakijiji wamfanye Jo aamini kwamba ana nguvu za ajabu, na Mike, mwenye kibanda cha sinema, anasaidia kuigeuza ndoto hiyo kuwa filamu. Kijiji kizima kinakuwa fanani. Mama peke yake anasita, kwani anajua mwisho wa hadithi. Na kwa maoni yetu kusita huko ndiko kunakoiokoa kazi hii isiwe ya kuliza watu tu.

Filamu ilionyeshwa Berlin mwezi Februari 2018, ikatajwa kwa heshima na jopo la watoto. Mwaka huohuo Kenya iliiteua kushindania Oscar katika kundi lililoitwa wakati ule la lugha ya kigeni, ingawa haikufika fainali. Tazama kinaya hiki: Kiswahili, pamoja na Kikuyu, ndicho kilichoipa haki ya kuingia, kwa sharti kiitwe kigeni. Jina hilo lilibadilishwa mwaka 2019.

Mhakiki makini atapinga kwamba kazi hii si ya Wainaina peke yake. Ni kweli. Hadithi ni yake, lakini mswada uliandikwa na Mugambi Nthiga, Silas Miami, Wanjeri Gakuru na Kamau Wandung'u, na utayarishaji ulishirikisha One Fine Day Films ya Ujerumani. Fedha za kigeni hazina budi kuchunguzwa. Ama wingi wa watunzi, hilo halitutishi: hatujawahi kuikataa ngano kwa kukosa mtunzi mmoja. Muhula uliopita niliiweka Supa Modo katika somo la fasihi simulizi. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama anaruhusiwa kuandika juu ya msimulizi wa kibanda cha mtaani kwao. Nilimwambia aende na kinasa sauti.