Helikopta na rada ya jeti katika michezo ya kompyuta

Ugumu wa kuilenga helikopta kwa rada ya ndege ya jeti ni hali inayofahamika sana kwa wachezaji wa michezo ya kuigiza urubani wa kivita, hasa DCS World na War Thunder. Mchezaji huiona helikopta kwa macho, lakini skrini ya rada iko tupu, au alama hutokea na kutoweka kabla kombora halijafyatuliwa. Wengi hudhani ni kasoro ya programu. Kwa sehemu kubwa ni fizikia iliyoigwa kwa uaminifu, na waundaji wanastahili sifa kwa hilo.

Chanzo

Rada nyingi za kivita tangu miaka ya 1970 hutegemea athari ya Doppler: mwangwi wa kitu kinachokaribia hurudi ukiwa na masafa ya juu zaidi, na wa kinachoondoka hurudi masafa yake yakiwa yameshuka. Rada inapotazama chini, ardhi hurudisha mwangwi mzito unaofunika shabaha. Kwa hiyo hutupwa kila mwangwi wenye kasi sawa na ya ardhi. Jeti inayokuja kwa kilomita 900 kwa saa hubaki. Helikopta iliyotulia juu ya miti hutupwa pamoja na miti yenyewe. Hata ikienda mbio, ikipita ubavuni kasi yake kuelekea rada ni karibu sifuri.

Rafadha ni jambo jingine. Ncha za mapanga yake hukata hewa kwa takriban mita 200 kwa sekunde, kwa hiyo hutoa mwangwi wake hata helikopta ikiwa imesimama angani. Mchezo unaoihesabu helikopta kama nukta moja yenye kasi moja huukosa mwangwi huo, na hapo helikopta hujificha kuliko inavyostahili.

DCS World

Mfano bora ni ndege ya F-14 iliyoundwa na Heatblur kwa ajili ya mchezo huu, iliyotoka 2019. Chujio la rada yake ya AWG-9 hufuta vitu ambavyo kasi yake kuelekea au kutoka kwa rada, ikilinganishwa na ardhi, haizidi takriban kilomita 250 kwa saa. Helikopta nyingi huruka humo humo. Afisa wa kiti cha nyuma anaweza kuhamia hali ya mapigo isiyochuja kwa Doppler, akaisaka shabaha katikati ya mwangwi wa ardhi. Ni kazi ya subira na jicho zuri.

War Thunder

Katika mchezo huu helikopta ziliingia 2018, na ugumu wa kuzilenga kwa rada hutokea humo pia.

Mbinu

Rubani hushuka chini ya helikopta ili rada itazame juu, anga tupu ikiwa nyuma ya shabaha, au hutumia kombora linalofuata joto, au mzinga.

Mazoezi na vita halisi

Katika mazoezi ya J-CATCH, mwishoni mwa miaka ya 1970, helikopta za Marekani zilizishinda jeti mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Vitani, Februari 1991, jeti ya F-15E ya Marekani iliiangamiza helikopta ya Iraki kwa bomu linaloongozwa kwa leza.