Ubainishaji wa Chanzo cha Kelele

Katika elimu ya simu na redio, kelele si zogo la watu peke yake, bali ni kila mvumo au mkwaruzo unaoingia chomboni bila ya kutumwa, ukaifunika sauti iliyotakiwa. Na kazi ya kuufuatia mpaka ujulikane utokako ndiyo iitwayo ubainishaji wa chanzo cha kelele. Wako wasemao utafutaji, nami siridhiki nalo, kwani mtafutaji aghalabu akijua akitafutacho, hali mwenye kubaini, neno lenye asili moja na baina, hutenga hili na lile mpaka lisalie lisilotengeka.

Shahidi wangu ni Karl Jansky, mhandisi wa Bell Telephone Laboratories huko Marekani, aliyeamriwa kuchunguza mikwaruzo iliyoharibu mazungumzo ya simu za redio zilizovuka bahari ya Atlantiki. Huko Holmdel, New Jersey, aliunda antena ya urefu wa kiasi cha mita 30, akaipandisha juu ya magurudumu ya motokaa ya Ford, ikawa yazunguka mara moja kila dakika 20, na kila ilikoelekea, kalamu ikaandika karatasini nguvu ya kelele ya upande ule. Hivyo alizitenga radi za karibu, kisha radi za mbali, ukasalia mvumo mwembamba usiokatika, usio na mwenyewe.

Awali alidhani watoka juani, kwa kuwa ulishika upande wa jua. Na lau angalitosheka na mwelekeo peke yake, angalikosea. Lakini alidumu kuandika saa pamoja na upande, na miezi ilivyopita akaona mvumo unalitangulia jua kidogo kidogo, ukirejea pale pale kila baada ya saa 23 na dakika 56, muda ambao ndio wa nyota kurudi zilipokuwa. Basi mwaka 1933 alitangaza kwamba kelele ile yatoka katika Njia Nyeupe, na kwamba ni kali zaidi upande wa buruji ya Kausi. Hesabu ya saa ndiyo iliyokata shauri, na mafundi wetu wengi, wakigeuza antena huku na huko, huisahau.

Huko huko Holmdel, mwaka 1964, watafiti Arno Penzias na Robert Wilson walipata mvumo mwingine, wakawaondoa njiwa waliokaa ndani ya antena na kusafisha kinyesi chao, nao usikome. Ukawa sawasawa pande zote, usiku na mchana, katika majira yote ya mwaka, na kule kutobadilika kwake ndiko kulikobainisha kwamba haukuwa wa mji wala wa nyota, na baadaye ikaeleweka kuwa ni baki la joto la ulimwengu ulipoanza.