Santuri za 'jazz' na mikono iliyozifikisha Gusii

KATIKATI ya santuri nyingi za zamani nchini Kenya, juu ya kile kibandiko cha karatasi chenye jina la wimbo na la mtunzi, huonekana maandishi ambayo hayakupigwa chapa kiwandani. Ni jina la mtu lililoandikwa kwa kalamu ya wino, mara nyingine likifuatwa na jina la kijiji au shule. Huenda pembeni pakawa na jina la pili, la kwanza likiwa limekatwa kwa mstari.

Wanunuzi wa santuri kutoka ng'ambo huyahesabu maandishi hayo kuwa dosari, na bei hushuka kwa sababu yake. Lakini kwa anayetaka kujua jinsi muziki ulivyosafiri kabla ya simu za mkononi, hayo ndiyo yenye thamani kubwa zaidi. Yanaonyesha ni nani aliyempa nani.

Ukingo wa Manga, unaoinuka karibu na mji wa Kisii na kuingia Kaunti ya Nyamira, unajulikana zaidi kwa masimulizi ya shimo liitwalo Engoro ya Mwaga na kwa mandhari yake: anga likiwa safi, macho hufika hadi Ziwa Victoria. Msikilizaji wa muziki wa huko alikuwa na bahati ya kuishi njia panda. Upande wa ziwa ndiko lilikochimbuka benga la Waluo. Upande wa mashariki kuna Kericho, mji wa majani chai. Kusini-magharibi, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa Tanzania, kuna Shirati, mji uliolipa jina lake kundi mojawapo mashuhuri kabisa la gitaa katika Afrika Mashariki.

Kundi hilo ni Shirati Jazz la Daniel Owino Misiani, na hapo ndipo mgeni wa mambo haya hutatizika. Anayeweka santuri yake akitarajia tarumbeta za New Orleans atasikia magitaa yanayokimbizana, besi inayoruka na sauti mbili zinazoimba Kijaluo. Neno 'jazz' lilipoingia katika majina ya bendi za Afrika Mashariki na Kongo halikuwa na maana ya mtindo wa Wamarekani weusi. Lilimaanisha bendi ya dansi yenye ala za kisasa, inayopigia watu waliovaa vizuri.

Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa 1932. Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, ikawa na African Jazz ya Joseph Kabasele na, tangu 1956, OK Jazz iliyokuja kuongozwa na Franco. Tanzania ikazaa Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, na kule Tanga Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Huku Kenya, Ochieng' Nelly na Collela Mazee waliunda Victoria Jazz mapema miaka ya 1970. Kwa hiyo mzee wa Gusii akisema kwamba yeye ni mpenzi wa jazz, asikosolewe. Matumizi yake ya neno hilo yana umri mkubwa kuliko wengi wanaotaka kumsahihisha.

Santuri iliyotawala zama hizo ilikuwa ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Kila upande ulibeba dakika tatu au nne hivi, na kwa kuwa wimbo wa benga hauishi upesi, watayarishaji waliugawa: sehemu ya kwanza upande wa A, ya pili upande wa B. Mwimbaji alitoa kisa chake upande wa kwanza, kisha upande wa pili magitaa yakaachiwa uwanja. Hivyo kumpendekezea mwenzio wimbo hakukuishia katika kuutaja jina tu. Mjuzi alimwambia aigeuze sahani, kwa sababu utamu ulikuwa nyuma. Tofauti hiyo ndiyo iliyomtenga shabiki na mnunuzi wa kawaida.

Kwa Wagusii, duka lililokuwa na uzito wa pekee lilikuwa Kericho. A. P. Chandarana, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi, aliuza santuri na pia kurekodi wanamuziki wa eneo zima la magharibi: Wakipsigis, Wagusii, Waluo na Waluhya. Wagusii wengi walikwenda Kericho kufanya kazi katika mashamba ya majani chai, na waliporudi nyumbani hawakurudi mikono mitupu. Katika mzigo wa mfanyakazi, pamoja na sukari na kitambaa, santuri ilikuwa zawadi isiyohitaji maelezo.

Muziki wa Kigusii wenyewe ulifika kwenye sahani hizo ukiwa na urithi wake. Obokano, zeze kubwa lenye nyuzi nane na sauti nzito ya kunguruma, ndilo lililozoeza masikio ya jamii hii kabla ya gitaa. Wanamuziki kama Christopher Monyoncho na Arisi O'Sababu waliimba kwa Ekegusii kwa magitaa. Hawakupata kusikika mbali kama akina Misiani. Sababu si uhaba wa kipaji. Lugha yao ina wasemaji wachache, na soko la Nairobi lilipima kwa idadi. Ajabu ni kwamba mashabiki wa Gusii wenyewe hawakuwahi kuufuata mpaka huo wa lugha: walicheza Kijaluo na Lingala bila kuhitaji mkalimani, hata katika nyakati ambapo mahusiano ya majirani yalikuwa na mikwaruzo.

Kwamba sauti ya sahani inaweza kupenya lugha ngeni kabisa, kuna ushahidi wa karibu. Mnamo 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi Wakipsigis wa Kapkatet wakiimba juu ya 'Chemirocha'. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika katika nchi hiyo pamoja na gramafoni. Wasikilizaji walilichukua jina, wakalitamka kwa namna yao, na kumfanya mwimbaji huyo kiumbe cha ngano, nusu mtu nusu swala.

Redio nayo ilikuwa mlango mwingine. Sauti ya Kenya na Radio Tanzania Dar es Salaam zilisikika pande zote mbili za mpaka, na vipindi vya salamu vikazaa mashabiki wa aina yake. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika majina ya anaowasalimu na wimbo anaoutaka, akaituma kwa posta. Wapo waliofanya hivyo kwa bidii hadi majina yao yakajulikana na watu wasiowahi kuwaona, na vyama vya salamu vikaundwa. Wenye dharau waliwaita watu wasio na kazi. Ukweli ni kwamba kadi hizo ziliwaarifu watangazaji ni nini kinapendwa vijijini, na baadhi ya nyimbo ambazo leo huitwa zilizopendwa zilidumu hewani kwa nguvu ya stempu.

Santuri za Tanzania zilikuwa na shida ya pekee. Nchi hiyo haikuwa na kiwanda cha kuzichapisha, hivyo bendi zake zilisafiri hadi Nairobi kurekodi. Mbaraka Mwinshehe, aliyeng'aa na Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano, ni miongoni mwa waliopata wapenzi wengi sana Kenya. Alifariki kwa ajali ya barabarani Mombasa mnamo Januari 1979. Wakati huo mpaka ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi 1983. Katika miaka hiyo, aliyekuwa na sahani za Tanga au Tabora alizishika vizuri na kuazima kwa kuchagua.

Kisha zikaja kanda. Miaka ya 1980 ilipofika katikati, kinasa sauti cha betri kilikuwa kimeingia vijijini, na kushirikiana muziki kukawa rahisi kuliko kamwe. Mtu aliazima santuri kumi, akazinasa zote katika kanda moja, akazirudisha. Kilichopotea hapo hakikuonekana mara moja. Kibandiko hakinakiliki kwa sauti. Kanda ya nakala ilibeba wimbo bila jina la mtunzi, la kampuni wala nambari ya toleo, na nakala ya nakala hiyo ndiyo mara nyingi iliyohamia baadaye kwenye kompyuta na simu. Ndiyo maana leo katika makundi ya WhatsApp na kwenye YouTube wimbo mmoja huzunguka kwa majina matatu, na mwimbaji akapewa sifa za mwenzake.

Hasara hiyo si ya wakusanyaji pekee. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, haki katika rekodi ya sauti hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa, ilhali haki ya mtunzi hudumu uhai wake na miaka 50 baada ya kifo. Santuri iliyorekodiwa 1972 iliishiwa na ulinzi wa rekodi mwishoni mwa 2022. Lakini Misiani alifariki Mei 2006 katika ajali Kisumu. Kwa hesabu hiyo tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2056. Kampuni inayotaka kuzitoa upya inaweza kuwa huru kuhusu sahani, ila si kuhusu wimbo. Warithi wa mtunzi wa Kigusii asiyejulikana sana watadai nini iwapo jina la baba yao limebaki kwenye kibandiko ambacho hakuna aliyekisoma kwa miaka 30?

Yapo yaliyofanywa. Kituo cha Ketebul Music cha Nairobi kilitoa mwaka wa 2008 mkusanyiko wenye kitabu kuhusu historia ya benga. Kampuni za Ulaya na Marekani nazo zimetoa upya muziki wa Kenya, nyingine kwa kuwatafuta wanamuziki na kuwalipa. Hata jazz ile ya Marekani imepata jukwaa la hadhi nchini: tamasha la Safaricom Jazz lilianza 2014, na mapato yake yakasaidia vijana wa Ghetto Classics huko Korogocho. Hata hivyo, sahani za Ekegusii zimeguswa kidogo mno na juhudi hizi, na nakala zilizosalia zimo majumbani, darini au chini ya kitanda.

Anayezipata nyumbani kwao asikimbilie kuzisugua. Santuri za mizunguko 78 hutengenezwa kwa utomvu unaoyeyuka kwa spiriti, na ni rahisi kuvunjika. Hazifai pia kuchezwa kwa sindano nyembamba ya sahani za baadaye. Zile za 45 huoshwa kwa maji safi yenye sabuni kidogo, kibandiko kisilowe, kisha huachwa zikauke kivulini. Zote husimamishwa wima kama vitabu, mbali na jua na moshi wa jikoni, kwa kuwa zikirundikwa hupinda.

Kabla ya yote hayo, pande zote mbili zipigwe picha: jina la mtunzi kwenye mabano, nambari ya toleo, herufi zilizokwaruzwa karibu na kibandiko, na yale majina ya wino. Mwenye jina la pili, lisilokatwa, huenda bado yuko hai, na huenda anakumbuka ni nani aliyemwazima sahani hiyo asiirudishe.